Elimu na Mafunzo ya Ufundi Gerezani: Shimo la Tewa

Elimu ya gerezani ni masomo na mafunzo ya kazi anayopewa mfungwa akiwa bado anatumikia kifungo, na katika Mombasa bara makao yake makuu ni Shimo la Tewa, upande wa Kisauni, ambako pamoja na magereza ya wanaume na wanawake ipo borstali, yaani taasisi ya kurekebisha wavulana waliovunja sheria wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 17, wanaokaa humo kwa muda usiozidi miaka 3. Karakana hufundisha useremala na ushonaji. Mwanagenzi hujifunza kusukuma randa kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, ndipo aingie mtihani wa ufundi wa serikali, unaopanda kutoka daraja la III hadi la I. Elimu ya juu ni adimu zaidi, ingawa katika Gereza la Kamiti, Nairobi, wafungwa na askari wao wamesomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London. Kikwazo kichungu husubiri nje ya lango, kwa kuwa waajiri wengi hudai cheti cha tabia njema kutoka polisi, na hapo fundi hodari hukwama, cheti chake cha ufundi kikiwa mkononi.