Mwaka 2011: Karatasi iliyowaangusha Kunguru wa Lubumbashi

Tarehe 14 Mei 2011, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilitangaza kwamba TP Mazembe ya Lubumbashi imefutwa kwenye Ligi ya Mabingwa. Hakuna timu iliyokuwa imewatoa. Wao ndio waliokuwa wamewatoa Simba ya Dar es Salaam, wakawatoa na Wydad ya Casablanca, wakawa wanangoja makundi. Walikuwa mabingwa wa 2009, mabingwa wa 2010. Wangelitwaa kombe tena mwaka ule wangekuwa klabu ya kwanza kulibeba mara tatu mfululizo, na hadi leo Afrika haijaona klabu ya namna hiyo. Kilichowatoa ni jina la mchezaji mmoja kwenye orodha ya timu.

Kutoka kwetu Kamango, mashariki mwa Kongo, hadi Lubumbashi ni mbali mno. Mtu wa usultani wetu wa Watalinga akivuka mpaka wa Uganda pale Nobili, atapita Bundibugyo na Fort Portal na kuingia Kampala wakati mwenzake aliyeshika njia ya Katanga bado anahangaika na matope. Butembo wana timu zao, Nyuki na Socozaki, na Goma wana Virunga. Kwa desturi, Mkongo wa mashariki ana kila sababu ya kushangilia timu ya karibu yake. Lakini Mazembe wakicheza na timu ya kigeni, mipaka hiyo yote inafutika. Wanaolumbana Jumapili kwa Barcelona na Real Madrid wanajikuta upande mmoja wa redio. Kwa sababu hiyo nauona mwaka 2011 kuwa sehemu ya historia yetu pia, na nadhani tumezoea kuusimulia vibaya.

Tunausimulia vibaya kwa kuanzia kwenye hukumu. Ni lazima kuanzia Abu Dhabi, Desemba 2010, maana Mazembe walianguka kutoka kilele walichokifikia huko. Walikwenda kwenye Kombe la Dunia la Klabu wakiwa wamewachapa Espérance ya Tunis mabao 5-0 nyumbani katika fainali ya Afrika, na kutoka sare ya 1-1 kwao Tunisia. Kocha alikuwa Msenegali Lamine N'Diaye. Tarehe 10 Desemba waliwafunga Pachuca ya Meksiko 1-0 kwa bao la Mbenza Bedi. Siku nne baadaye walikutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika Kusini, timu ambayo watu wengi walikuwa wameshaipangia fainali. Mulota Kabangu akafunga, Dioko Kaluyituka akafunga, na kipa Robert Kidiaba akakaa chini akaanza kurukaruka kwa makalio mbele ya macho ya dunia nzima. Kabla ya siku ile, fainali ya kombe hilo ilikuwa ya Ulaya na Amerika Kusini peke yao. Mazembe ndio waliovunja mlango.

Katika fainali, tarehe 18 Desemba, Inter ya Milan waliwafunga 3-0. Goran Pandev na Samuel Eto'o walimaliza kazi ndani ya dakika 20 za kwanza. Kocha wa Inter alikuwa Mhispania Rafael Benítez. Msomaji alikumbuke jina hilo, nitalirudia.

Yote hayo waliyafanya bila mchezaji wao bora. Trésor Mputu, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani kwa mwaka 2009, alikuwa kifungoni. Mei 2010, kwenye Kombe la Kagame mjini Kigali, Mazembe walicheza na APR, na Mputu akamvamia mwamuzi. FIFA ikamfungia miezi 12, na mwenzake Guy Lusadisu akafungiwa pia. Kwa hiyo klabu iliyopanda hadi Abu Dhabi ilikuwa tayari imeonja adhabu, na ilikuwa imejua kwamba bidii ya miaka inaweza kuharibiwa na dakika moja nje ya sheria. Mimi ni mshabiki wa Mazembe tangu utoto, na nasema hivi kwa uchungu: onyo la Kigali lilikuwa limeshatolewa.

Mwaka 2011 ulianza vizuri. Tarehe 29 Januari, mjini Lubumbashi, walitwaa Kombe la Super la Afrika dhidi ya FUS ya Rabat kwa penalti 9-8 baada ya mechi kuisha bila bao. Kisha kura ikawapangia Simba. Machi, Lubumbashi, Mazembe wakashinda 3-1. Aprili, kwenye Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, wakashinda tena, 3-2. Kwa jumla 6-3. Uwanjani hapakuwa na mjadala wowote.

Mjadala ulikuwa juu ya beki aitwaye Janvier Besala Bokungu. Alikuwa amekwenda kucheza Tunisia, kwa Espérance haohao, kisha akarudi nyumbani kwa Mazembe. Simba, ambao wakati huo mwenyekiti wao alikuwa Ismail Aden Rage, walipeleka malalamiko CAF wakisema kwamba kurudi kwake hakukufuata taratibu. CAF ikachunguza, ikaona kwamba Bokungu hakustahili kucheza katika mechi zote mbili. Mazembe wakafutwa. Walipeleka kesi hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne, lakini mashindano hayakuwangoja.

Hapa inafaa nieleze jinsi jambo hili linavyokwenda, kwa sababu wengi kwetu wanadhani mchezaji akishavaa jezi yatosha. Mchezaji anayetoka nchi moja kwenda nyingine huhitaji hati ya uhamisho inayotolewa na shirikisho la nchi anayotoka kwa shirikisho la nchi anayokwenda. Bila hati hiyo hana leseni, na bila leseni halali yeye si mchezaji, hata akifunga mabao kumi. Zamani hati zilisafiri kwa faksi na barua, zikachelewa, zikapotea, na watu wakasameheana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2010 FIFA ililazimisha uhamisho wa kimataifa wa wanasoka wa kulipwa upite kwenye mfumo wa intaneti ambao kila klabu lazima iujaze na kila tarehe inaonekana. Nyakati za kusameheana zilikuwa zimekwisha.

Wako waliosema, na hadi leo wanasema, kwamba Afrika iliwaonea wivu Wakongo. Sioni hivyo. Simba walitumia haki ambayo kila klabu inayo, na waliitumia vizuri. Klabu yenye rais tajiri kama Moïse Katumbi, ambaye siku zile alikuwa gavana wa Katanga pia, klabu iliyolipa makocha wa kigeni na kununua wachezaji kutoka Zambia na kwingineko, ilikuwa na uwezo wa kuweka mtu mmoja ofisini wa kuhakikisha kila leseni imekamilika.

Tena Lubumbashi ndiyo inayopaswa kunyamaza kuliko mji mwingine wowote, kwa sababu kombe lao la kwanza la Afrika lilikuja kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1967 klabu hii, wakati huo ikiitwa Tout Puissant Englebert, ilicheza fainali na Asante Kotoko ya Kumasi. Kule Ghana ilikuwa 1-1, huku Kongo ikawa 2-2. Ikaamuliwa ichezwe mechi ya tatu kwenye uwanja wa nchi nyingine. Kotoko hawakutokea, Waghana walilalamika kwamba habari ya tarehe haikuwafikia. Englebert wakapewa kombe. Mwaka uliofuata walilitwaa tena, safari hii kwa miguu, na nyota ya 1968 haina doa. Lakini nyota ya 1967 iliandikwa mezani, na hakuna mtu wa Lubumbashi ninayemfahamu aliyewahi kuomba ifutwe. Ukikubali karatasi ikupe, huwezi kuikataa inapokunyang'anya.

Na sisi wa Kamango hatuna haki hata kidogo ya kuizungumzia Dar es Salaam kama mji wa maadui. Tarehe 7 Desemba 2017, wanajeshi 15 wa Tanzania, walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, waliuawa kwenye kambi ya Semuliki, kwenye barabara hii ya Mbau–Kamango tunayoipita. Walikufa wakilinda njia yetu. Nikisikia kijana wa hapa akiwaita Watanzania wezi kwa ajili ya mechi ya 2011, huwa namkatiza.

Baada ya Mazembe kufutwa, CAF iliamua Simba na Wydad, timu mbili zilizotolewa nao, zikutane mara moja tu katika uwanja wa nchi nyingine. Walicheza Cairo tarehe 28 Mei 2011. Siku ileile dunia ilikuwa imeelekeza macho Wembley, ambako Barcelona ya Messi iliwafunga Manchester United 3-1 kwenye fainali ya Ulaya, kwa hiyo ni wachache waliojua kwamba kiti cha bingwa wa Afrika kinagombewa Misri. Wydad walishinda 3-0. Wakaingia makundi, wakafika fainali, na huko wakafungwa na Espérance. Simba walipelekwa kwenye Kombe la Shirikisho, wakakutana na Motema Pembe ya Kinshasa, wakatolewa. Kinshasa ikawa imelipiza kisasi cha Lubumbashi bila kuombwa.

Kwa Mazembe, mwaka uliobaki ulikuwa wa ajabu. Katikati ya 2011 walifungua uwanja wao wenyewe mtaani Kamalondo, uwanja wa watazamaji 18,000 na zaidi kidogo, wenye nyasi za bandia. Ulikuwa umejengwa kwa ajili ya usiku wa mashindano makubwa ya Afrika, ukafunguliwa wakati ambao klabu haikuwa tena na shindano lolote la Afrika la kucheza. Walitwaa ubingwa wa Kongo, Linafoot, na ilibidi waridhike na huo.

Kitu kikubwa zaidi walichokipata mwaka ule kilitoka kwa Simba. Katika mechi zile mbili za Machi na Aprili kulikuwa na mshambuliaji wa miaka 18, Mbwana Samatta. Mabeki wa Mazembe walimwona kwa karibu kuliko walivyotaka. Viongozi wakamnunua mwaka huohuo wa 2011, na Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, akajiunga nao pia. Mechi zilizowaponza ndizo zilizowapa mtu wa kuwainua.

Haikuwa haraka. Mwaka 2012 waliishia nusu fainali. Mwaka 2013 walipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya Sfaxien ya Tunisia. Mwaka 2014, nusu fainali tena. Miaka hiyohiyo huku kwetu ilikuwa na hesabu nyingine kabisa: Julai 2013 waasi wa ADF walishambulia Kamango, na watu zaidi ya 60,000 wakavuka kwenda Bundibugyo na magodoro vichwani. Waliokuwa na redio waliondoka nazo.

Kisha ikaja 2015. Mazembe, sasa chini ya Mfaransa Patrice Carteron, waliwafunga USM Alger 2-1 kwao Algeria, wakawafunga 2-0 Kamalondo tarehe 8 Novemba. Samatta alifunga katika mechi zote mbili na kumaliza mashindano na mabao saba. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani. Aliyeshika nafasi ya pili kwenye kura alikuwa kipa wake mwenyewe, Kidiaba. Mwezi huohuo Samatta akaenda Genk ya Ubelgiji, na baadaye akacheza Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa.

Majuma machache baada ya kombe lile la Kamalondo, tarehe 2 Desemba 2015, Real Madrid walikwenda Cádiz kucheza Kombe la Mfalme. Walishinda 3-1. Bao la kwanza lilifungwa na Denis Cheryshev, ambaye alikuwa na adhabu ya kukosa mechi aliyoipata msimu uliotangulia akiwa kwa mkopo Villarreal. Hakuna aliyeikumbuka. Habari zilipoenea, kocha alimtoa mwanzoni mwa kipindi cha pili, lakini kosa lilikuwa limeshafanyika. Madrid wakafutwa kwenye kombe. Kocha huyo alikuwa Rafael Benítez, yuleyule aliyewazuia Mazembe Abu Dhabi. Tarehe 4 Januari alifukuzwa, Zinedine Zidane akachukua kazi, na Mei Madrid wakatwaa kombe la Ulaya. Klabu yenye makatibu na wanasheria wasiohesabika iliangushwa na jambo dogo kuliko la Bokungu. Siku ile wale mashabiki wetu wa Real, waliokuwa wakisema kwamba mambo ya leseni ni aibu ya Afrika peke yake, walikosa la kusema.

Bokungu mwenyewe hakuwa na kosa la kuandikiwa. Mchezaji hajazi fomu za mashirikisho. Anaitwa, anavaa, anacheza. Lakini jina lake ndilo lililobaki kwenye hukumu, na kwa miaka mingi mshabiki wa Kikongo akilisikia alikunja uso. Yeye aliendelea na kazi yake ya ubeki. Mwaka 2016 Simba walikuwa wanatafuta mabeki wa kigeni wenye uzoefu wa mashindano ya Afrika, na mmoja wa waliosajiliwa, safari hii karatasi zikiwa zimekamilika, alikuwa Janvier Besala Bokungu.