Kibuuka Alirudi, Kichwa cha Luzira Bado

Jumba la Makumbusho la Uganda lilipoanzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, Waganda waliliita nyumba ya mayembe, yaani pembe za waganga. Jina liliwafaa wenyeji, kwani vitu vingi humo vilikuwa vya ibada za jadi, na waliovijua hawakuviona kuwa mapambo. Mapema miaka ya 1940 jumba lilihamia Makerere, likatunzwa na Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa. Tangu 1954 liko Kitante, katika jengo lililosanifiwa na Ernst May.

Hazina yake nzito ni masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda. Masimulizi ya Buganda yanasema Kibuuka alitoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge, akawa anaruka juu ya jeshi la Bunyoro na kulishambulia kutoka mawinguni, mpaka mshale ulipompata akaangukia mti huko Mbaale, Mawokota. Hekalu likajengwa hapo, mabaki yake yakahifadhiwa, taya likiwemo. Mmisionari John Roscoe aliyapata mwanzoni mwa karne ya 20, akayapeleka Cambridge. Yalirudi Uganda wakati wa uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Juni 2024 Cambridge ilileta vitu vingine 39. Lakini hivi vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu, na mkopo wa mali ya mababu ni jambo gumu kulimeza.

Nakawa, sehemu ya Kampala ambamo Luzira imo, nayo ina dai lake. Mwaka 1929, uchimbaji katika eneo la gereza la Luzira ulifukua vigae vingi, na kati yake kichwa na kiwiliwili cha mtu, vyote vya udongo wa kuchoma. Wanaakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley, katika utafiti wa 2008, walivirudisha nyuma takriban miaka elfu moja, na wakaonyesha kwamba ufinyanzi wa aina hiyo haukuwa wa Luzira peke yake, bali ulifanana na vyombo vya sehemu nyingine za ufuo wa Ziwa Victoria. Sanamu ya mtu ya kale kiasi hicho ni adimu mno Afrika Mashariki. Imewekwa British Museum, London, ilhali mtoto wa shule wa Luzira angeweza kufika Kitante kwa teksi na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.