Ndege Tatu Juu ya Maldivi: Historia Fupi ya Kupima Chembechembe za Angani

Historia ya vifaa vya kupimia hewa mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kupungua: mtambo uliojaza chumba ukawa wa mezani, kisha ukaingia mfukoni, kisha ukapandishwa kwenye droni. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Katika insha hii nadai kwamba udogo wa vifaa haukuwa jambo kubwa mpaka pale ulipowawezesha watafiti kuwa mahali patatu kwa wakati mmoja. Mfano wangu ni Maldivi, mwaka 2006.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888 Mskoti John Aitken alitangaza njia ya kuhesabu chembe za vumbi ambazo jicho haliwezi kuziona. Aliweka hewa kidogo katika chombo chenye unyevu, akaivuta kwa pampu ili itanuke na kupoa ghafla. Kila chembe ilijivika maji, ikawa tone, ikaanguka juu ya kioo kilichochorwa miraba midogo. Aitken akatazama kwa lenzi na kuhesabu matone moja baada ya jingine. Baadaye alitengeneza kifaa cha kubeba mfukoni, akapanda nacho milima. Hapo tayari alikuwa na swali ambalo ndilo kiini cha habari hii: je, hewa ya juu ni sawa na hewa ya chini? Si sawa. Mjini alikuta chembe kwa makumi ya maelfu katika sentimita moja ya ujazo. Mlimani, siku ya hewa safi, mamia tu.

Mlima, hata hivyo, una kilele, na kilele hakisogei. Waliotaka kwenda juu zaidi walitumia puto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Christian Junge, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza kuwa kuna tabaka la chembe katika stratosfia, karibu kilomita 20 juu. Alilipata kwa vifaa vilivyorushwa kwa puto, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kasoro ya puto inajulikana: huenda upepo utakako.

Sasa twende Bahari ya Hindi. Wasomaji wa Kiswahili wanaujua upepo wa kaskazi, ule uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni na India hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar. Upepo huohuo, katika miezi ya Desemba hadi Machi, hubeba pia moshi wa Asia Kusini: wa majiko ya kuni na samadi, wa dizeli, wa viwanda. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa INDOEX, ukiongozwa na Veerabhadran Ramanathan pamoja na Paul Crutzen, ulitumia meli, setilaiti na ndege kubwa, ikiwemo C-130, kuuchunguza utusitusi huo. Iligundulika kwamba ulikuwa ukizuia sehemu ya mwanga wa jua usifike baharini. Yaani chini kulikuwa kunapoa.

Mwaka 2002 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyouita utusitusi huo "wingu la kahawia la Asia". Wanasayansi kadhaa wa India walikasirika, na nadhani walikuwa na haki yao. Utusitusi wa aina hiyo unapatikana katika mabara mengine pia, basi kwa nini jina la lawama liangukie Asia peke yake? Baadaye neno Asia liliondolewa katika jina la mradi. Jina lilibadilika, ila swali la kisayansi lilibaki palepale: mwanga usiofika chini unakwenda wapi? Ukirudishwa angani, utusitusi unapoza. Ukinyonywa na masizi, hewa yenyewe inapata joto.

Kulijibu kunahitaji hesabu ambayo kwa maneno ni rahisi. Pima mwanga juu ya utusitusi, pima chini yake, toa. Kilichopotea katikati ndicho kilichonyonywa. Shida ni kwamba ndege moja ikipima chini kisha ikapanda juu, jua limeshasogea na mawingu yamehama, na tofauti inayotafutwa ni ndogo kuliko mabadiliko hayo. Zinahitajika ndege zaidi ya moja, zikipangana wima kama ghorofa. Kufanya hivyo kwa ndege kubwa zenye marubani ni ghali na ni hatari.

Hapo ndipo udogo ulipopata maana. Mwezi Machi 2006, kutoka kisiwa cha Hanimaadhoo, kikosi cha Ramanathan kilirusha ndege tatu nyepesi zisizo na rubani, moja juu ya nyingine, kati ya nusu kilomita na kilomita 3. Kila moja ilibeba mzigo wa kilo chache tu: vipima mwanga, kihesabu chembe, na kifaa kinachopitisha hewa kwenye kichujio na kupima kinavyozidi kuwa cheusi kwa masizi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2007: utusitusi ulikuwa umeongeza joto la jua katika hewa ya chini kwa karibu asilimia 50. Kwa hiyo utusitusi uleule uliokuwa ukipoza uso wa bahari ulikuwa ukiipasha hewa iliyo juu yake, na watafiti wakauhusisha na kuyeyuka kwa barafu ya Himalaya.

Yaliyofuata ni ufundi zaidi kuliko mageuzi. Ndege za namna hiyo zilipelekwa Svalbard, Aktiki, mwaka 2011 na tena 2015, na mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza kihesabu chembe cha leza chenye uzito wa gramu 800 hivi. Aitken angekifurahia, ingawa angeshangaa kwamba hakuna mtu anayehesabu.

Upande wetu wa bahari, kazi imekuwa ya ardhini zaidi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetundika vipima vidogo kwenye majengo na hata kwenye bodaboda za Kampala. Vinatuambia tunavuta nini barabarani. Kuhusu moshi huohuo unapopanda juu ya Ziwa Viktoria, kama unapoza maji au unapasha hewa, kipima kilichofungwa kwenye pikipiki hakiwezi kujibu.