Kuidhinisha au Kuhesabu?

Kila baada ya uchaguzi wa rais wa Marekani, ifikapo Januari, vyombo vyetu vya habari hutangaza kwamba Kongresi imeidhinisha ushindi wa rais mteule. Kitenzi hicho kinaniudhi. Kuidhinisha ni kutoa idhini, na mwenye idhini anaweza kuinyima.

Marekebisho ya 12 ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoridhiwa mwaka 1804, yamegawa vitenzi kwa uangalifu mkubwa. Wajumbe wa uchaguzi, kila mmoja jimboni kwake, hupiga kura. Huandika orodha, huzitia saini na kuzithibitisha, kisha huzipeleka zikiwa zimefungwa. Rais wa Seneti, ambaye ndiye makamu wa rais wa nchi, huzifungua mbele ya mabaraza mawili. Halafu kura huhesabiwa. Kumbe kuthibitisha ni kwa wajumbe. Bungeni kumebaki hesabu.

Huhesabiwa na nani? Katiba haikusema. Sisi tunaijua vizuri kauli ya kutendwa: kiambishi -w- kikishaingia, mtenda anaweza kutoweka na sentensi isipungukiwe kitu. Katika uchaguzi wa 1876, ufa huo ulitosha kuitikisa nchi. Kura 20 ziligombaniwa, za Florida, Louisiana, South Carolina na moja ya Oregon, na hati zinazopingana zikafika Washington. Republican walishika Seneti, Democrat wakashika Baraza la Wawakilishi. Kila upande ukajipachika mahali pa mtenda. Ikabidi iundwe tume ya watu 15, ikaamua kwa wanane dhidi ya saba, na Rutherford Hayes akampita Samuel Tilden kwa kura 185 kwa 184.

Sheria ya 1887 ikaleta neno lenye kazi yake: pingamizi. Liliwekewa sharti la saini ya seneta mmoja na mwakilishi mmoja. Januari 2001 wawakilishi wa Democrat walipinga kura za Florida bila kupata seneta hata mmoja. Makamu wa rais Al Gore, aliyekuwa kwenye kiti, akawakatalia wenzake wa chama na kumtangaza mshindani wake, George W. Bush. Ninamheshimu sana kwa hilo. Alijua kitenzi chake ni kipi.

Tarehe 6 Januari 2021 makamu wa rais Mike Pence alishinikizwa na Rais Donald Trump atumie kitenzi kingine: kukataa. Pence hakukubali, umati ukavamia jengo la Kongresi, na hesabu ikamalizika baada ya usiku wa manane. Mwaka 2022 Kongresi ikatunga sheria inayosema kazi ya makamu wa rais hapo ni ya kiutaratibu tu, na pingamizi sasa hudai saini za moja ya tano ya kila baraza. Lakini sheria hiyo haikugusa maneno ya Katiba yenyewe, na humo kura bado zinahesabiwa bila mtenda kutajwa.