Chembe Sahani na Baridi

Azuruye kaburi la Mwalimu Julius Nyerere pale Mwitongo, Butiama, hukumbuka kwamba alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, maradhi ambayo, yakishaufisidi uboho wa mifupa, humpunguzia mgonjwa zile chembe sahani zizibazo jeraha.

Zamani chembe hizo, zilizotolewa na wachangia damu ili kumwongezea mgonjwa, zilitiwa katika jokofu sawa na damu nyingine, hata mwaka 1969 matabibu wa Marekani, Scott Murphy na Frank Gardner, walipobainisha kwamba baridi ya nyuzi 4 huzidhuru, mwili wa mpokeaji ukaziondoa upesi mno, ilhali zilizowekwa katika nyuzi 22 hudumu zaidi mishipani. Ikawa kaida kuziweka katika joto la chumba, zikitikiswa daima. Lakini joto hilo huwalea vijidudu, ndipo muda wake ukafupishwa, aghalabu siku 5. Ajabu ni kuwa za baridi, japo huishi kidogo, hushika jeraha kwa wepesi, na mwaka 2023 Marekani iliziruhusu hadi siku 14 kwa atokwaye na damu, zikikosekana zile za kawaida. Kwa Musoma na Bunda, miji iliyo jirani na Butiama, ambako kituo cha damu cha Kanda ya Ziwa ki mbali, Mwanza, tofauti ya siku 5 na 14 si jambo hafifu.