Kabla ya Majani Chai, Kericho Ilikuwa ya Nani?

Kila wikendi naona picha mpya: mtu amesimama katikati ya majani chai Kericho, na chini ameandika "uzuri wa asili". Ni pazuri kweli, sikatai. Lakini asili? Hapana. Hiyo chai ina miaka mia moja hivi tu, na haikufika kwa heri.

Hebu turudi nyuma. Pale palikuwa na msitu, malisho na mashamba ya wimbi ya Wakipsigis. Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza liliwavamia watu wa Sotik, likaswaga ng'ombe wao kwa maelfu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakoloni wakakata ardhi ya Kericho na kuwagawia maofisa wao waliojeruhiwa vitani. Hao wakapanda kitani. Bei ikaanguka, mradi ukafa. Sasa si ungedhani ardhi ingerudi kwa wenyewe? Wapi! Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay, chai ikatanda.

Halafu kuna Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho ambao Waingereza waliwaogopa. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria maalum ya kuwahamisha. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o. Walioruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, wengi walikuta hawana hata pa kujenga.

Mwaka wa 2022 Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Lakini biashara haingoji: mwaka uliofuata mashamba ya Finlay yakanunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka.

Sisemi ng'oeni chai. Watoto wengi huku wamesomeshwa na bonasi ya majani. Ila ukiuliza kuhusu Tea Hotel utaambiwa ilijengwa na Brooke Bond. Nani atakuambia ardhi yenyewe ilitoka wapi? Kaunti za Kericho na Bomet, wekeni basi hata kibao kando ya barabara.

Na wewe mwenye simu, kabla hujapiga picha nyingine, kaa na kogo au kugo, umrekodi. Waliohamishwa 1934 wakiwa watoto wanaisha, na hadithi haisubiri mahakama.

Wazee wenu waliwasimulia nini? Andikeni hapo chini, nasoma zote.