Sambusa ya Karatu na Kanuni ya Baghdad

Muuza sambusa wa Karatu, mji wa kaskazini mwa Tanzania, anayekunja manda alfajiri anafuata kanuni iliyoandikwa Baghdad mwaka 1226. Katika kitabu chake cha mapishi, Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliagiza mkate mwembamba ukatwe vipande virefu, utiwe nyama, ukunjwe pembe tatu, ubandikwe kwa unga uliolowekwa, kisha ukaangwe kwa mafuta ya ufuta. Ukiondoa ufuta, mkono haujabadilika sana: manda inazungushwa mpaka iwe mfuko, nyama inashindiliwa, mdomo unapakwa uji mzito wa ngano na kubanwa kwa dole gumba. Usipobana sawasawa, nyama inatawanyika kwenye karai.

Ibn Battuta alipopita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia wali wa samli, ndizi za maziwa na achari, sambusa hakuitaja. Alikuja kuieleza akiwa India, ikiwa na nyama ya kusaga, lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo. Pwani, iliyofanya biashara na Uajemi, Uarabuni na India kwa karne nyingi, ikaifanya kitafunio chake, hasa wakati wa futari. Huko bara, sambusa ilipanda pamoja na maduka ya Wahindi na hoteli za Waswahili.

Kule Karatu, sambusa ilikuta kila kitu tayari, na hapo ndipo habari yake inaponoga. Miinuko ya Karatu na Mbulumbulu inastawisha ngano. Ng'ombe wapo, wa Wairaqw, Wadatoga na Wamasai. Chini, karibu na Ziwa Eyasi, chemchemi za Mang'ola hunywesha mashamba ya vitunguu vinavyouzwa mpaka Nairobi. Na kitunguu ni mkombozi wa muuzaji: nyama ikipanda bei, kinaongezwa. Mlaji hugundua akiing'ata sambusa tu, akanuna kidogo, na kesho akarudi.

Siku za mnada, tarehe 7 na 25 za mwezi, heshima yote ni ya nyama choma. Watu wanakaa, wanachagua paja, wanasubiri. Sambusa ni ya asiyekaa: kondakta, mpakia mizigo, mwanafunzi, dereva anayewahi lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, kabla foleni haijawa ndefu. Barabara ya Makuyuni hadi langoni ilipowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani, watu wa namna hiyo waliongezeka, na Karatu ikazidi kuwa mji wa kulala, kujaza mafuta na kuondoka.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi ikapata kazi zaidi. Si hasara: karatasi hunyonya mafuta, ilhali mfuko uliitoa jasho sambusa mpaka ikalegea.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo ngano na vitunguu vya sambusa havina budi kupandishwa kutoka nje. Kreta yenyewe ina tatizo jingine kwa mlaji. Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, wageni huruhusiwa kushuka garini na kufungua lanchi boksi zao, na mwewe wa pale wanaijua ratiba. Hushuka kwa nyuma, kimya, wakapora kilichomo mkononi kabla mtu hajageuka. Kucha zao hukwaruza vidole. Ndiyo maana waongozaji huwahimiza wageni wale wakiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.